Gitaa Lililobaki Kwihara

Kwihara, Jumapili

Dada Adelina,

Shikamoo. Sisi wazima, na asali mwaka huu imejaa madebe sita, lako nimelitenga.

Uliuliza kama naumia kuisikia bendi yetu ya zamani redioni. Waliniacha kwa sababu nilikataa kwenda Dar msimu wa kurina asali, na mwezi uliofuata wakavuma nchi nzima. Nilinuna miaka miwili, sikufichi. Lakini ule wimbo waliovuma nao tuliurekodi hapa Tabora kabla hawajaniacha, na gitaa mnalolisikia ni langu.

Juzi niliupiga harusini Puge. Baba wa bibi harusi akanishika bega: "Masolwa, umemuiga yule mpigaji vizuri, imebaki kidogo tu."

Nikamwambia nitaendelea kujifunza, nikaongezewa pilau.

Mdogo wako,
Masolwa