Picha ya Mbwana Dukani kwa Ishaka

Majengo Mapya, Likoni
14 Agosti 1987

Mdogo wangu wa tumbo moja, Mwanamkasi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta umeegemea mto wako wa uzazi, mgongo umekandwa maji ya moto na kichanga chetu kimelala. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Aliyekuletea barua ni shemeji yako Rashid, na nimemwambia asiondoke mpaka umalize kusoma. Isome mwenyewe, usimpe mama mkwe akusomee. Shule tulikwenda moja, wewe ukafika la saba, mimi nikaachia la tano, basi mwandiko wangu unaujua.

Kwanza nikupe habari za Mbwana wangu. Mashallah, tabaraka Allah. Miezi minane tu, na mizani ya kliniki ikapiga kelele! Muuguzi aliniambia kadi yake ataionyesha wazazi wengine, ule mstari unapanda tu kama mnazi. Mikono ina pingili, mapaja ndiyo usiseme, na akicheka hata mzee wa jirani asiyecheka na mtu hucheka. Najua unasema, Mwanatatu kaanza. Nami nasema, mwenye chake hujisifu, na wewe wako akikua utajisifu vilevile.

Huko kujisifu ndiko kulikoniponza, mdogo wangu, nami nataka nikueleze vilivyokuwa.

Mwezi wa tano alikuja mtaani bibi mmoja, jina lake Jerioth, mtu wa bara, maneno yake laini kama samli. Amevaa koti jeupe, saa kaining'iniza kifuani, sote tukajua ni muuguzi. Alikuwa akikaa dukani kwa Ishaka akiwaeleza wanawake mambo ya watoto. Alipomwona Mbwana mgongoni kwangu alipiga makofi. Akaniita dada. Akaja nyumbani mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu tukaacha kuhesabu. Samaki wa kupaka niliompikia Jerioth, Rashid hajapikiwa tangu fungate. Mbwana akimkojolea mapajani yeye anacheka, ati hiyo ni baraka. Siku moja akaniomba picha ya mtoto iwe kumbukumbu yake. Nikampa ile ya studio, uliyonililia wewe nikakunyima.

Wiki mbili baadaye nakwenda kununua mafuta ya taa, naona nini? Mwanangu ukutani kwa Ishaka, mkubwa kama mlango, na chini yake makopo ya maziwa ya watoto yamepangwa hadi kiunoni. Bango jingine limeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba bei imepunguzwa, na ukinunua mawili unapewa beseni la kumwogeshea mtoto. Nilisimama pale nikasahau mafuta. Wanawake wakanipisha. Hata bombani siku zile nilikuwa nateka mbele, ati mama wa picha apite. Jerioth akaniletea chupa ya chai yenye maua, ile niliyokuandikia habari zake. Na makopo mawili nikakuwekea wewe kwa bei hiyo ndogo, nikakutumia ulipojifungua, yawe zawadi yako ya uzazi.

Jirani yangu Nyamvula alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Mumewe ni kibarua Changamwe, leo yupo kazini, kesho karudishwa getini. Kwa bei ile naye akaweza. Akanunua, akapata beseni, akajiona mwanamke wa mjini. Mtoto akazoea chupa, maziwa ya kifuani yakapungua hata yakakatika. Mwezi wa saba bango jekundu likabanduliwa na bei ikarudi palepale. Nyamvula afanye nini? Kopo la wiki moja akalivuta hadi wiki tatu, kijiko kimoja mahali pa vinne, vingine vyote maji. Tena maji ya bombani kwetu unayajua. Mtoto akaharisha mpaka utosi ukabonyea. Wamelazwa siku tisa. Yu hai, Mungu ni mkubwa, lakini ukimbeba ni kama umebeba kanga kavu.

Muuguzi wa kliniki alipomhoji Nyamvula, mambo yakafika kwa bwana afya. Alhamisi iliyopita wakaja wote wawili dukani, wakamkuta Jerioth, nami nikaitwa pamoja na mtoto wangu. Muuguzi alisema mbele ya watu kwamba kuna kanuni. Maziwa ya vichanga hayapunguzwi bei ili kuvutia watu, hayafuatani na beseni wala kikombe, na mtu wa kampuni haruhusiwi kuwashika wazazi dukani akawashawishi, seuze kujivika koti jeupe. Kwa sababu, alisema, mama akishaacha kunyonyesha amekwisha fungwa, na bei ikipanda hana pa kurudi. Nyamvula alikuwa kando, anasikiliza.

Ishaka, niliyenunua kwake tangu nilipoolewa, akaninyooshea kidole. Akamwambia bwana afya kuwa yeye ni mfanyabiashara tu, picha imeletwa na mwenyewe huyu hapa, tena kahongwa chupa ya chai. Nikamgeukia Jerioth anitetee. Koti alishalivua, limekunjwa mkobani. Kumbe si muuguzi wala hajawahi kuwa, ni muuzaji wa makopo. Bwana afya akamuuliza kama ananijua. Akanitazama, wallahi akanitazama machoni, Mbwana kamnyooshea mikono abebwe, akasema huyu mama simjui, wateja ni wengi.

Mwanamkasi, mtu aliyelala mchana juu ya mkeka wangu!

Nililia njia nzima. Nyumbani nikaivunja ile chupa ya chai. Rashid akasema bora ningeiuza, nikamwambia anyamaze. Nikakaa nikimlaani Jerioth na kizazi chake, na mdomo wangu unaujua.

Ndipo Nyamvula akapiga hodi. Hakukaa. Nilianza kumwambia tumesalitiwa, mimi na yeye, na yule mwanamke. Akanijibu kwamba Jerioth yeye hakumwamini hata siku moja, maana maneno matamu ya wauzaji ameyazoea. Akasema, niliyemwamini ni wewe. Akaniacha mlangoni.

Kwa hivyo sasa nakwambia lile ambalo Rashid mwenyewe kalijua jana.

Siku ile ya kwanza ya picha dukani, wanawake wamenizunguka, Nyamvula aliniuliza, Mama Mbwana, kweli mtoto huyu kakua kwa kopo hili? Jerioth akacheka akasema Mama Mbwana ni mtu wa kisasa, si wa kuning'iniza mtoto kifuani kama yuko shamba. Macho yote yakanigeukia. Mimi nikasema ndiyo. Neno moja tu. Baada ya hapo nikalirudia bombani, nikalirudia arusini, na barua ya mwezi wa sita nikalirudia kwako.

Mbwana hajaonja kopo lile hata kijiko. Yale mapaja, zile pingili, mstari ule wa kliniki, vyote ni kifua changu, na uji wa mtama tangu alipofika miezi sita. Nilikuwa na jambo la haki la kujisifia, mdogo wangu, nikaliuza kwa chupa ya chai.

Na juzi nimepokea barua yako. Umeandika kwamba unampa kopo mara tatu kwa siku kwa kuwa unataka awe kama Mbwana.

Ukitaka awe kama Mbwana, mweke kifuani. Nimemuuliza muuguzi, amesema wiki tatu za chupa si nyingi, maziwa hurudi kichanga akinyonya mara kwa mara, hata kama mwanzo ni tone. Kesho mwende kliniki ya hapo wakuelekeze namna ya kumtoa kwenye chupa. Mfuko aliobeba Rashid una pilipili manga, tangawizi na unga wa uji, ndiyo zawadi ya uzazi niliyopaswa kukuletea tangu siku ya saba. Ningekuja mwenyewe, lakini uso wa kukutazama sina bado.

Nisalimie mama mkwe na shemeji, na kichanga mbusu utosini kwa ajili yangu. Mbwana anakuamkia shikamoo, mama mdogo. Wala usijisumbue kuniandikia majibu. Mpe Rashid makopo yote mawili arudi nayo, lililofunguliwa na lisilofunguliwa. Nikiyaona mlangoni kwangu nitajua umesoma hadi hapa.

Ni mimi dada yako, mwenye mdomo,
Mwanatatu