Mteja Asiyecheka

Dada Nadira,

Huku Ngoingwa tuko salama. Bucha yangu bado ni namba moja, hata watu wa Ruiru wananifuata maini.

Umeuliza nani alimgeuza mwanao Ayub akavuka mpaka kujiunga na wale wa mabomu. Unakumbuka alivyozimia nilipompa kuku achinje? Niliwasimulia wateja miaka miwili, yeye akiwa hapo hapo anapima nyama. Wote walicheka, isipokuwa mgeni mmoja. Huyo akawa anamnunulia chai, anamwita "kamanda". Mimi niliyefika Dubai, ninayejidai kujua watu, sikumshtukia.

Jana Ayub alinipigia. "Mjomba, simulia ile ya kuku."

Nikamwuliza yuko wapi.

"Basi cheka," akasema, akakata simu.

Usimngoje, dada. Ukitaka kumlaani mtu, nilaani mimi.

Kakako mwenye mdomo,
Adan