Mkweo Alikuwa Anasikia Gari

Hapana, Baba, sijaiuza. Najua ungeuliza gari kwanza, ndipo uulize kama Mama anakula. Anakula. Na gari iko palepale uani hapa Uyole, na asubuhi ya leo imeunguruma mpaka mbuzi wa jirani wamekata kamba.

Lakini usinipongeze.

Ulipoondoka, nayo ikagoma. Baba Mdogo akasema, "Matanga yakiisha nakuja na watu wangu. Nikikuta bado imelala, tunaichinja. Magurudumu ya mkokoteni, viti vya kilabuni." Nikamwambia mimi mtoto wa fundi. Nikasugua plagi. Nikapuliza kabureta mpaka chai ikawa na ladha ya petroli. Hendeli ya kuwashia nayo ikanirudishia teke la mkono. Unanijua, naweza kumuuzia mkulima wa viazi viazi vyake mwenyewe, lakini ile gari haikubali maneno.

Basi Baba Mdogo ametuma salamu anakuja kesho yake, mimi nimekaa chini nimeshika kichwa. Nikamsikia mke wangu Tusekile nyuma ya ua wa matete.

"Mbona haidonoi?"

"Nini haidonoi?"

"Gari. Baba mkwe akifungua swichi, kwanza inadonoa, tik tik tik, kama kuku juu ya bati. Ikinyamaza ndio anapiga hendeli. Asubuhi nyingine haidonoi, basi anagonga kitu upande wa ukutani. Anagonga kwa mti, siyo kwa chuma. Halafu anakohoa. Halafu inadonoa."

Nikainuka, Baba. Tangu nimuoe hamkuwahi kuonana uso. Mila yetu ndiyo hiyo: mkwe akitokea, wewe unaingia chini ya gari, ukitoka, yeye anazungukia migombani. Na mimi nilikuwa nawacheka, nasema mzee wangu anatengeneza gari kwa kumkwepa mkwe, ndiyo maana ubovu hauishi. Kumbe huyu, kwa vile haruhusiwi kukuona, alikuwa anakusikiliza. Mimi nilikushikia spana, nikaona kila kitu, nisijue kitu.

Nikafungua swichi. Kimya. Nikaenda upande wa ukutani, nikakuta pampu ya petroli imebonyea kidogo, pale ulipozoea kupagonga. Nikagonga kwa mpini wa nyundo.

Ikadonoa.

Kukohoa sikuweza, Baba. Kikohozi kile kilikuwa chako. Nikapiga hendeli, ikawaka, moshi ukajaa ua mzima. Nikachungulia nimwambie Tusekile. Nikamkuta amepiga magoti, macho chini, khanga kichwani, anasema, "Ndaga, Tata." Asante, Baba. Hakuwa anaongea na mimi. Nikarudi nyuma polepole kama mtu aliyeingia kanisani na kofia.

Baba Mdogo alipofika aliikuta inanguruma. Akapanda, nikampeleka sokoni, habari ya kuchinja ikafia hapohapo. Lakini Tusekile hapandi. Anasema hawezi kukaa alipokaa baba mkwe. Jana nimepita na magunia yangu, nimekaa kama bwana shauri, yeye yuko kando ya barabara na ndizi kichwani. Gari aliyoiponya yeye ikamrushia vumbi. Mimi na aibu hatufahamiani sana, lakini jana tulikutana.

Mashangazi wanasema anayeweza kumfungulia mwiko huo ni wewe tu. Kwa hiyo lala salama, mzee wangu, lakini kwanza tuelewane kiume. Wewe mwachie akae kiti cha mbele. Mimi naahidi nitaosha gari kila Jumamosi, pampu nitamwachia yeye aisikilize, na sitapakia nguruwe ndani, hata akiwa wa mchungaji. Kama hutaki, sema sasa hivi, niko peke yangu hapa kaburini. Kama umekubali, nyamaza tu, kama ulivyokuwa unanyamaza chini ya gari yeye akipita.