Kitambaa cha Nyumba Yangu ya Kwanza

Kwa Mzee Stelios (hadi mwisho wa Julai tu),
St Albans, Melbourne.
14 Juni 2023

Mpendwa Shangazi Filomena,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Natumaini siku hizi unapanda ngazi za kanisani bila kumlalamikia mtakatifu yeyote. Huku Melbourne baridi imeingia na mafua yanazunguka, lakini mwili wangu ni mzima. Moto uko rohoni. Nakuandikia wewe kwa sababu humu kwetu kila nikifungua mdomo naambiwa nina wivu.

Najua Baba ameshakupigia kukupa habari njema kwamba mdogo wangu Redentu amenunua nyumba. Bila shaka amekutajia vyumba vitatu na bustani ya nyuma. Je, amekuambia ni nyumba gani? Ni hii, Shangazi. Hii hii ninayopanga mimi, mwaka wa tisa sasa.

Ngoja nikueleze vizuri. Mwezi wa pili mwenye nyumba wangu, Mzee Stelios, alinifuata jikoni. Watoto wake wanampeleka kwenye makao ya wazee, kwa hiyo anauza. Akasema, "Wewe umeitunza kuliko mimi. Nakupa nafasi ya kwanza kabla sijaita dalali." Nilimkumbatia mpaka miwani ikamdondoka.

Benki walikubali. Kikabaki kitu kimoja, kodi ya serikali ya kununua nyumba, ambayo huku ni kama kununua gari jipya. Lakini anayenunua kwa mara ya kwanza anasamehewa sehemu kubwa. Mimi nina miaka arobaini na moja, sijawahi kumiliki hata banda la kuku. Nikaenda kuomba msamaha wangu kifua mbele.

Nikaambiwa mimi si mnunuzi wa mara ya kwanza.

Unakikumbuka kile kinyumba alimofia Nanna Vitorin, mama yako? Baba alipokinunua alifanya walivyofanya baba zetu wengi waliohamia huku: aliandikisha jina la bibi na la binti mkubwa, ili bibi akifa wanasheria wasipate cha kula. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikasaini nilipoonyeshwa. Nikahamia humo, nikamwogesha Nanna na kumlisha supu mpaka alipofumba macho. Kisha Baba akasema nisaini tena, kikauzwa. Hela ikafanya harusi ya Redentu, ile yenye bendi na keki ndefu kuliko bwana harusi. Mimi nilipewa kitanda cha Nanna.

Kwa hiyo mbele ya serikali nilishamiliki, nilishaishi humo, na zamu yangu imepita. Dada wa ofisini alinionea huruma kweli. Alinipa hata chai.

Bado sikukata tamaa. Mzee Stelios alikubali kunisubiri nikusanye hiyo kodi. Jumapili moja kwa Baba, tukila sungura aliyepikwa kwa mvinyo, nikawaeleza yote huku nalia: bei, benki, kodi. Redentu alikuwa anatafuna. Aliuliza swali moja tu, "Paa linavuja?" Nami nikamjibu halivuji, nimelikarabati kwa hela yangu.

Loo! Wiki mbili baadaye akasaini yeye. Jina lake halijawahi kuandikwa popote, maana enzi zile Baba hakutaka kumsumbua mtoto wa kiume na mambo ya Nanna. Kwa hiyo amesamehewa kodi. Maskini Mzee Stelios alidhani nimemtuma mimi, akampa mkono kwa furaha.

Nilikwenda kwa Baba. Akaniambia, "Nyumba imebaki mikononi mwetu, unalia nini?"

"Mikononi mwa nani, Baba?"

"Acha wivu, mwanangu. Mwenzio ana mke na watoto. Wewe peke yako, vyumba vitatu vya kufanyia nini?"

Redentu akadakia, "Bora sisi kuliko mtu baki, dada. Wewe ungeikosa tu." Sijaongea naye tangu siku hiyo, na sioni aibu kukuambia kwamba namchukia.

Sasa sharti la huo msamaha ni kwamba mnunuzi aishi humo mwaka mzima. Lazima wahamie, lazima mimi nitoke. Mkewe, Rozann, alikuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia nikiwa mezani nakula. Akaniambia banda la nyuma wanaweza kulitia zulia, niwalipe kidogo, na jioni niwaangalizie watoto. Nipange banda, Shangazi! Nyuma ya paa nililolikarabati mimi! Nimepata chumba mtaa wa Sunshine, kwa mjane mmoja. Kitanda cha Nanna kitaingia, meza haitaingia.

Na hapo ndipo nina ombi. Kile kitambaa cha lesi unachonifumia tangu niko msichana, ulichosema utanitumia siku nitakapopata nyumba yangu ya kwanza, Baba ameamua kiende kwa Redentu. Anasema, "Si kitakaa kwenye meza ileile?" Atakupigia Jumapili akuombe.

Usikitume, Shangazi. Wala mimi usinitumie, sina pa kukitandika. Kiache hapo hapo kwenye mto wako wa kufumia, na pini zake, hata kama hakitaisha. Baba amempa Redentu kila kitu changu kilichokuwa mkononi mwake. Hicho kiko mkononi mwako.

Nisalimie binamu Zeppi na wanawe, na jirani yako Konsolata, mwambie bado nazikumbuka pastizi zake, yale maandazi ya jibini. Mungu akutunzie macho na vidole.

Akupendaye siku zote, yule ambaye serikali inamwita mwenye nyumba,

Dolorina