Kabula, Kiboksi Chako Kimenyamaza

Kabula mwanangu,

Ni mimi mama yako, Mayu wako, naandika kutoka hapa hapa nyumbani Kambarage, nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki mlichokuwa mnakigombea na mdogo wako. Nikianza kwa kusema hatujambo nitakuwa nakudanganya. Hatuko sawa.

Watu wameanza kuniita Mama Masanja, kwa jina la mdogo wako. Wanadhani wananihurumia. Jana muuza dagaa kaanza, "Mama Kabu..." akameza, akasema "Mama Masanja." Nikamwambia malizia jina langu. Kwa Kabula ndipo nilipoanzia kuwa mama, na hakuna wa kunivua.

Maana nani mwingine mtaa huu kazaa mtoto kama wewe? Mimi darasa la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa, ila tumbo hili limetoa binti anayeongea na kompyuta bila kugusa picha hata moja. Kioo cheusi, maandishi meupe, vidole vinapiga tu ta-ta-ta. Nilikuuliza mbona yako haina mapicha kama za wenzako, ukanicheka. "Mayu, zile unazibembeleza. Hii unaiamrisha."

Na habari ya madereva! Uliponipigia simu kwamba umehangaika kutwa nzima na dereva, amegoma, ukamwondoa ukaweka mwingine, mimi mbio kutangaza. Sokoni, kanisani, kwenye kikundi cha akina mama. Kabula wangu ana madereva, akigoma mmoja anamfukuza! Mpaka wakaniuliza magari ni mangapi. Ulipokuja Pasaka wakakuona unashuka kwenye bodaboda na begi lako mgongoni, wakaguna. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, ndipo ukanieleza: dereva ni programu inayoifanya kompyuta ielewane na kifaa kilichochomekwa. Asipokuwepo, kifaa kipo na kompyuta haikioni. Nikasema basi, kumbe madereva unao kweli. Sokoni sikurudi kusahihisha.

Kiboksi kile. Kule kwenye duara, lile shimo la dhahabu wanalochimba akina Masanja upande wa Geita, ulimpa mdogo wako nyaya akazipigilia kwenye kuta za shimo, zikapanda hadi banda la mabati, zikaingia kwenye kiboksi, kiboksi kikaingia kwenye kompyuta yako. Mwamba ukisogea hata kidogo, mstari kwenye kioo unaruka na king'ora kinalia. Ulinionyesha mwenyewe. Kwanza unaiuliza kompyuta kama inakiona kiboksi, halafu unamwamsha dereva, halafu unaiambia ianze kusoma. Siku ile kilipolia wakatoka wote wananung'unika, "Dada, kiboksi chako kinaogopa kuliko sisi," na matimba yanayoshikilia ukuta yakavunjika nyuma yao. Tangu hapo wakakuita mganga. Wengine mganga wao anataka kuku mweusi, wao wa kwao anataka umeme. Na hilo nililitangaza.

Sasa nikuambie kilichotokea, nikiweza.

Homa ilipokuchukua, akina Masanja wote wakaja huku nyumbani kukuzika. Nyuma kule duarani umeme ukakatika, kompyuta ikazima. Masanja aliporudi akaiwasha, akaona giza na maandishi meupe, na kale kakijiti kanawaka kanazima, kanangoja mtu aandike. Kalikuwa kanakungoja wewe. Yeye akajua imeharibika. "Kompyuta ya dada inaumwa," akasema, akaifunga kwenye kitenge akaipeleka Kagongwa kwa fundi simu. Fundi naye akaona giza lile lile. Akapiga window mpya juu ya vyote vilivyokuwemo. Ikarudi inang'aa, ina picha ya mlima na maua. Masanja alinipigia kwa furaha, nikasikia kwa mara ya kwanza tangu msiba sauti yake imenyooka: "Mayu, imepona!"

Dereva wako alikuwa humo, Kabula. Kafutwa.

Sikumgombeza. Ningemgombezaje, mtoto aliyeibeba ile mashine kama anakubeba wewe?

Nilimtafuta yule rafiki yako mliyesoma naye chuo, akaja hadi duarani. Akafungua kile kioo cheusi, akapiga maneno, akapiga tena. Kompyuta ikajibu haioni kitu. Akatafuta dereva mwingine mtandaoni, akaweka, kiboksi kikamkataa, taa nyekundu tu. Mwisho akaweka mikono mapajani. "Mama, huyu dereva Kabula alimwandika mwenyewe kwa ajili ya kiboksi hiki. Hayupo mahali pengine popote. Mimi namfahamu Kabula, na hapa simfikii." Unajua nilifanyaje? Nilijivuna. Machozi yananitoka, pua inachuruzika, na ndani najivuna kwamba hata aliyesoma na wewe hakufikii. Halafu nikakumbuka hiyo maana yake nini.

Maana yake mdogo wako anashuka kila siku na juu hakuna kinachomsikiliza mwamba. Hazungumzi tena habari ya kompyuta. Nimemsihi atoke, arudi nyumbani tulime hata mpunga. "Mayu, wenzangu wanashuka, mimi nibaki juu kama nani?" Simu yake isipopatikana nakaa na sufuria mkononi nimesahau nilikuwa napika nini. Nilizoea mtoto mmoja amlinde mwingine. Sasa mmoja yuko chini ya udongo na mwingine anaufuata mwenyewe kwa kamba.

Sitakuambia kwamba kiboksi kitaamka. Hakiamki. Yule rafiki yako alisema atajaribu tena, lakini macho yake niliyaona.

Lala, mwanangu, mama yangu. Wabeja, asante, kwa kila uliponiita Mayu. Hukuniachia aibu hata siku moja, uliniachia maneno ya kutangaza tu.

Ahadi ya kumtoa Masanja shimoni siwezi kukupa, nimeshindwa. Ninayoiweza ni hii. Keshokutwa nafunga nyumba naenda huko. Nitakaa pale pale mdomoni mwa duara nimwite jina, aitike kutoka chini, nimwite tena. Najua kuita hakuzuii mwamba. Ukitaka kushuka hautangoja nimalize jina lake. Lakini asiwe chini peke yake bila mtu wa kumsikiliza. Wale wanaume watanifukuza, watasema mwanamke akikaa mdomoni mwa duara dhahabu inakimbia.

Ikimbie.