Sifuri Mbili za Mwisho

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kabla hujavaa miwani, maana mwandiko wangu unaujua kwa mbali. Goti linasemaje? Mama aliniambia umeanza kupanda ngazi bila fimbo, na ukiulizwa unasema aliyechoka ni fimbo, si wewe. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unawaka, na leo nakuandikia nikiwa na hasira, hivyo univumilie.

Barua yako nimeipata. Umeuliza kama ni kweli Shoto, fundi uliyemlea kazini miaka sita, amefukuzwa kwa kuipiga tupa pini ya lifti ya hospitali mpaka ikapwaya. Umesema amekutia aibu na asikanyage tena kwako. Baba, soma mpaka mwisho kabla hujafunga mlango.

Mkuu mpya wa karakana yetu tunamwita Kamili, kwa sababu namba yenye nukta inamkera kama kokoto kwenye kiatu. Mchoro wa zile pini nane za lifti ulisema unene uwe milimita 25.00. Yeye alipowaandikia oda wakerezaji wanaozichonga akaandika 25, basi. Nilimfuata ofisini. Bila kuinua macho kwenye simu yake, akaniambia sifuri haiongezi kitu, hata mtoto wa darasa la pili anajua hilo. Nikamweleza kama ulivyonieleza wewe: anayeandika 25 ameruhusu 24.6 ipite na 25.4 ipite, maana zote mbili ukizikadiria zinakuwa 25. Anayeandika 25.00 amekula kiapo kwamba ameangalia mpaka sehemu ya mia ya milimita, na hakukuta ziada wala pungufu. Sifuri zile si mapambo, ni ushahidi. Akacheka, akaniuliza kama niliajiriwa kupima au kufundisha. Nikatoka.

Wakerezaji walifuata karatasi. Kwa 25, rula inawatosha. Shoto akaenda hospitali kuzifunga. Lifti ikafanya kazi siku tisa, ya kumi pini moja ikachomoka. Lifti ikaporomoka ghorofa moja nzima na muuguzi aliyekuwemo akavunjika mguu. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini hapa mguu ulioumia si wa aliyedharau.

Tukaitwa kwenye kikao. Pini ilipimwa ikakutwa 24.61. Kamili akatoa karatasi ya ukaguzi, ambayo imeandikwa pini zote ni 25.00, akasema zilitoka karakana zikiwa sahihi, basi aliyeipunguza hiyo ni aliyeifunga. Baba, mtu aliyeniambia sifuri haina kazi, siku hiyo alizikumbatia zile sifuri mbili kama wanawe. Shoto alisema hakuwa hata na tupa kwenye mkoba wake. Nani amsikilize, na karatasi ina sahihi ya mpimaji? Walimfukuza palepale, na jina lake wakalipeleka kwenye karakana nyingine asipate kazi.

Mpimaji ni mimi. Sahihi ile ni yangu.

Siku ya ukaguzi maikromita, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya milimita, ilikuwa kwenye matengenezo. Kamili alisimama mlangoni akisema gari linasubiri. Nikatumia rula, Baba, ambayo hata nusu milimita huisomi kwa uhakika. Ningeandika 25 ningekuwa mkweli. Lakini ndiyo namba aliyoitaka yeye, na sikutaka ashinde, kwa hiyo nikaandika 25.00 mara nane, nikiikandamiza kalamu. Zile sifuri sikuziona popote. Yeye alizifuta, mimi nikazibuni, na sijui kipi ni kibaya zaidi. Kikaoni niliketi viti viwili kutoka kwa Shoto, nikanyamaza kimya. Aliniangalia mara moja tu.

Maikromita imerudi. Kesho asubuhi nakwenda nayo kwa wakubwa, niseme nilichofanya, kisha nitataka pini saba zilizobaki zifunguliwe zipimwe mbele yao. Wakinifukuza wanifukuze, lakini hawatatumia mwandiko wangu tena kumla mtu.

Jumamosi Shoto anakuja kwako kukuapia kwamba pini hakuipiga tupa. Mfungulie, Baba. Mkaribishe kabla hajaapa.

Mama nisalimie sana, na umsomee polepole, asije akashtuka. Nilipokuwa na miaka minane nikaleta sifuri ya hesabu nyumbani, ndipo ukanipa jina hili. Nilipoajiriwa kupima ukaniambia jina limepanda cheo, kwamba sasa mimi ni sifuri ya nyuma ya nukta, yenye kazi. Leo natia sahihi kwa maana ile ya kwanza.

Binti yako,
Sifuri