Wageni Elfu Arobaini

Kasese, Alhamisi

Kwa dada yangu mpendwa Rusi,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na shemeji Danieri. Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha shemeji, kimetulia tangu mvua ianze? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haina raha. Barua hii nimempa Nobert wa bodaboda aifikishe Bwera leo hii, maana kwenye simu ungenikatisha kabla sijamaliza.

Binti yako Alisi ameniambia kwamba Jumatatu mnakwenda Mubuku kumwachia Huzaifa shamba la mpunga mlilokodi miaka yote hii, na fedha atakazowapa ili achukue nafasi yenu mtajengea vyumba vya kulaza wageni. Eti kila mtu anajenga, kwa kuwa Kasese imetangazwa Mji wa Utamaduni na wageni elfu arobaini wako njiani. Dada, nakusihi, usimwachie mtu chochote.

Ngoja nikueleze ninayoyaona huku. Mji umepakwa rangi upande unaotazama barabara tu. Jirani yangu Ronah, yule muuza bundu, amefukuzwa kando ya barabara. Afande Ojara alimwambia kwamba ugali wake wa muhogo unachafua sura ya utamaduni. Ronah akamuuliza mbona juzi alikula sahani mbili na utamaduni haukuumwa tumbo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini kibanda kilivunjwa. Wiki iliyofuata kamati ya Mji wa Utamaduni ikamwita Ronah huyo huyo asonge bundu uwanjani, amevaa majani ambayo hata bibi yetu hakuwahi kuyavaa. Na bundu yenyewe hairuhusiwi kuliwa. Ni ya kupigwa picha! Watazamaji walikuwa kumi na mmoja, saba kati yao wanakamati. Wanne waliobaki wakapanda gari, wakaenda kulala Fort Portal. Gidioni, aliyeuza ng'ombe wake wote ili ajenge gesti, sasa anafuga kuku katika vyumba sita.

Najua utasema Ezironi amezoea kupinga kila kitu, hata mvua. Ni kweli, redioni nimewaita wanakamati waongo, na nitawaita tena. Lakini yupo mwongo mmoja ambaye sijamtaja.

Ombi la mji wetu kupewa jina hilo nililiandika mimi. Kamati ilitaka idadi ya wageni wanaotutembelea, nami nilitaka tuishinde miji mingine. Basi nikaenda kukaa pale mpakani Mpondwe siku za soko, kila Jumanne na Ijumaa, nikamhesabu kila aliyevuka kutoka Kongo, nikamwandika kuwa mgeni wa utamaduni. Niliwaandika akina mama wenye beseni za mawese. Niliwaandika wasukuma mikokoteni, kila safari upya. Hata wewe, dada, uliporudi kutoka Kasindi na vitenge kichwani, nilikuandika. Mara mbili.

Wale elfu arobaini unaotaka kuwajengea vyumba ni wenzako wa sokoni. Umewajua miaka thelathini. Jua likishuka, kila mmoja hufunga mzigo wake na kwenda kulala kwake.

Jumapili baada ya ibada nitakuja kumweleza shemeji kwa mdomo wangu. Nitukaneni hapo mlangoni, sitaketi mpaka mmalize. Ila shamba libaki mikononi mwenu.

Msalimie Alisi, na umwambie, anapokusomea barua hii, asiruke neno kwa kunionea haya.

Ni mimi mdogo wako,
Ezironi